Kufuata Maji ya Barghash: Mwongozo Kamili wa Siku Moja kutoka Hamamni hadi Kidichi

Mara ya kwanza kufika Maruhubi, kwenye magofu ya jumba la Sultani Barghash hapa Unguja, nilikuwa darasa la sita. Tulipangwa mstari, tukahesabishwa nguzo, tukaambiwa Sultani alikuwa na masuria tisini na tisa, wavulana wakacheka, tukarudi garini kula maandazi. Mfereji wa maji tuliupita ubavuni. Hakuna aliyetuambia tuinue macho.

Tangu hapo nimewapeleka wengi njia ile: ndugu kutoka bara, wanafunzi, wageni wa harusi wanaobaki siku mbili zaidi. Na kila nikikaa pembeni kusikiliza watembezaji wengine, hadithi ni ileile ya masuria, picha mbili, haya tupande gari. Kwa hiyo mwongozo huu umeshika uzi mmoja tu, nao ni maji. Tunaanzia mjini, kwenye hamamu ambako watu walilipa kuoga, tunapanda kaskazini kwa njia ya Bububu, tunapita majumba mawili ya pwani, chemchemi, kisha tunakata kuelekea shamba hadi Kidichi. Ukiyafuata maji, kila gofu utalikuta na kazi yake. Ukiwafuata masuria, utarudi na nguzo tu kwenye simu.

Neno moja kabla hatujaanza. Kwa wengi "mfereji" ni mtaro wa maji. Kwetu Unguja, na Mombasa pia, wazee wakisema "maji ya mfereji" wana maana ya maji ya bomba. Bibi yangu hakuwahi kusema bomba maisha yake yote. Njiani utaona kwamba neno hilo halikukosea: mfereji wa bombani na wa ukutani ni jambo moja.

Kabla hujatoka nyumbani

Siku nzuri ni ya kazi, kati ya Jumatatu na Alhamisi. Ijumaa inawezekana, ila kuanzia saa sita mwenye ufunguo naye anakwenda msikitini, na wewe utasimama mlangoni. Ramadhani nakushauri usubiri: kula na kunywa hadharani mchana hakufai, na safari hii bila maji ya kunywa ni adhabu. Kwa majira, Juni hadi Septemba, wakati wa kusi, hewa ni nzuri. Masika, yaani Machi hadi Mei, njia za shamba hugeuka tope na kwenye mabirika ya zamani mbu hukupokea kabla ya mlinzi.

Kuhusu mtembezaji, ni kweli unaweza kwenda peke yako. Lakini magofu haya hayana vibao vya kutosha, na bila mtu wa kukuonyesha utapita ubavuni mwa mfereji kama nilivyopita mimi. Tafuta mwenye kitambulisho cha Kamisheni ya Utalii Zanzibar, akuonyeshe bila kunung'unika. Wale wanaokunasa mtaani bila kitambulisho tunawaita papasi, yaani kupe, na jina hilo linajieleza. Si kwamba wote ni wabaya. Ila papasi akikuacha njiani, hakuna pa kwenda kulalamika.

Kabla ya kukubaliana bei, muulize maswali matatu. Maji ya Maruhubi yalikuwa yakipita wapi? Jina la Bububu lilitangulia treni au lilifuata? Kwa nini nakshi za Kidichi hazifanani na za majumba mengine ya Sultani? Akijibu mawili umepata mtu. Akianza na masuria, mshukuru umwache.

Halafu kubalianeni kwa maneno ambayo hayana tafsiri mbili. Bei ni ya kichwa au ya kundi? Viingilio vimo au mnalipa wenyewe? Nani anamlipa dereva muda wa kusubiri? Mnarudi saa ngapi kwa saa, si "jioni"? Somo hili nililipata kwa dereva niliyekubaliana naye "siku nzima". Kumbe kwake siku nzima iliisha saa saba mchana, kwa sababu alikuwa na watoto wa kuwachukua shule. Alituacha Kidichi na wazee wawili, mmoja akiwa na fimbo. Tulirudi mjini juu ya pikapu iliyojaa mafenesi, na shangazi yangu hajaacha kunikumbusha.

Usafiri una njia mbili. Mkiwa na wazee au watoto, kodini gari. Mkiwa wawili watatu wenye miguu, pandeni daladala namba 502 ya Bububu pale mjini. Inapita barabara yote tunayoihitaji, Maruhubi na Mtoni zikiwa njiani. Mwambie utingo mapema unaposhuka, na ukae karibu na mlango. Kutoka Bububu kwenda Kidichi utatafuta gari nyingine au bodaboda.

Mkobani tia maji ya kutosha, kofia, dawa ya mbu, noti ndogondogo, na kurunzi. Kurunzi usiisahau, maana vyumba vya hamamu ni giza hata saa sita mchana, na taa ya simu huimaliza betri ambayo utaitaka Kidichi. Vaa viatu vya kufunga. Nguo ziwe za kusitiri mabega na magoti, kwani unapita vijijini kwa watu, na kanga moja ya ziada haimlemei mtu.

Saa mbili na nusu asubuhi: Hamamni

Anzia Mji Mkongwe, mtaa wa Hamamni. Hamamu hizi alizijenga Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, na aliyezichora ni Haji Gulamhussein. Hazikuwa za jumba la mfalme. Zilikuwa za umma, watu wakilipa kuingia, na zilifanya kazi hadi 1920. Siku hizi mlango hufungwa, na mwenye ufunguo huwa hapo jirani. Bisha hodi kwa adabu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mpo wangapi?"

Jibu idadi, lipa, omba risiti, ingia. Usikae zaidi ya nusu saa, kwani hapa umekuja kujifunza tu namna hamamu inavyofanya kazi, ili huko mbele usihitaji kuelezwa tena. Anza na chumba cha kuvulia nguo, fuata njia hadi vyumba vya maji, angalia mabwawa, halafu inua kichwa uone matundu kwenye kuba yanayoingiza mwanga bila kumwonyesha anayeoga. Kisha inama. Fuata kwa macho vijia vya maji sakafuni, uone vinaelekea wapi. Mgeni akishaona kwamba sakafu ya hamamu haikai sawa hata siku moja, kwamba kila pahala ina mwinamo wake, amekwisha kuelewa nusu ya safari.

Hapo nje, kabla ya kupanda gari, mtembezaji wako akueleze kwa nini Barghash alishughulika sana na maji. Kama haelezi, nakueleza mimi. Mwaka 1859 alijaribu kumpindua kaka yake, Sayyid Majid, akashindwa, akapelekwa uhamishoni Bombay hadi 1861. Huko aliishi kwenye mji mkubwa wenye mambo ambayo Unguja haikuwa nayo. Mwaka 1869 na 1870 kipindupindu kikaifyeka Unguja, mji ukazika watu kwa maelfu. Kaka yake akafa mwaka huohuo wa 1870, yeye akakalia kiti. Mwaka 1872 kimbunga kikaangusha mikarafuu na kuvunja majahazi. Mtu aliyepita hapo, mji wake ukinywa maji ya visima vilivyochimbwa jirani na vyoo, si ajabu akaleta maji ya chemchemi kutoka Bububu hadi mjini. Beit al Ajaib, Jumba la Maajabu, alilolijenga 1883 na ambalo sehemu yake ilianguka Desemba 2020, ndilo linalopigwa picha. Mimi naona kazi yake kubwa zaidi ni ile iliyofukiwa ardhini.

Saa tatu na nusu: Maruhubi

Ni kama kilomita nne kutoka mjini, upande wa bahari. Hapa ndipo pa kukaa. Jipe saa nzima na robo, na mwenye kuharakisha mwache garini.

Jumba lilijengwa kati ya 1880 na 1882. Ghorofa yake ya juu ilikuwa ya mbao, imekaa juu ya nguzo nene za mawe. Mwaka 1899 likashika moto. Moto ulikula mbao, mawe ukayaacha, na ndiyo maana leo unakuta nguzo zimesimama hazibebi kitu, hamamu, mabirika na mfereji. Marumaru za hamamu hazikuondoka na moto. Hizo ziliondoka na watu.

Wageni wote hukimbilia nguzo kwa sababu zinapigika picha na bahari nyuma yake. Waache. Wewe geuka, ipe bahari mgongo, utafute ukuta mrefu mwembamba ambao haufungi kitu chochote: hauna mlango, hauna dirisha, hauna chumba upande wowote. Watoto huwa wa kwanza kuuliza, "Ukuta huu wa nini?" Ndio mfereji wenyewe. Maji yalipita juu yake.

Kwa nini juu? Maji hayana akili ila moja, kushuka. Chanzo kiko juu, jumba liko chini karibu na bahari. Ukichimba mtaro ardhini, maji yatashuka haraka pamoja na ardhi, yatafika jumbani yakiwa miguuni pako, na itabidi watu wayapandishe kwa ndoo. Ukiyabeba juu ya ukuta wenye mwinamo mdogo sana, ardhi inashuka yenyewe na maji yanabaki na kimo chake. Yakifika jumbani yako juu ya kichwa cha mtu, sasa unayaachia yaanguke yenyewe kwenye birika, kutoka birika kwenye hamamu. Hakuna pampu wala punda.

Sogea karibu, na hapa toa kurunzi hata kama ni mchana, umulike ukuta kwa pembeni. Utaona mawe ya matumbawe hayakuchongwa sawasawa. Ni vipande vya kila namna vilivyokusanywa na kushikwa kwa chokaa, na baadhi bado yana alama za kiumbe kilichoyajenga baharini, vijishimo vya mviringo kama sega la nyuki. Gusa chokaa palipobomoka. Ukiisugua kwa kidole gumba inaacha unga mweupe, na ndani yake unakuta punje za mchanga. Chokaa hiyo ilitoka kwenye matumbawe hayohayo: yalirundikwa juu ya magogo kwenye tanuu, yakachomwa, yakamwagiwa maji, yakaachwa yalale. Yaani jiwe limeungwa kwa unga wa ndugu yake. Halafu tazama palipobaki lipu, ni laini kuliko ukuta wa nje. Njia ya maji ilipigwa lipu kwa uangalifu kwa sababu matumbawe yana vinyweleo, na bila lipu ukuta ungeyanywa maji yote kabla hayajafika kwa Sultani.

Sasa tazama mizizi. Pale mti ulipoingiza mzizi kwenye ufa, ukuta umepasuka kwa urefu wote. Kwa sababu hiyo nakusihi usipande juu ya mfereji, usiegemee, na mtoto usimkalishe juu yake kwa ajili ya picha. Umesimama miaka mia na arubaini bila kuguswa na fundi wa kutosha, na hauna deni na mtu.

Kutoka hapo fuata hadi kwenye mabirika, ambayo siku nyingi huwa yamefunikwa na mayungiyungi. Simama mbali na ukingo. Majani yale huficha kina.

Kuna jambo ambalo watembezaji wengi hulirukia, na mtembezaji wako akilirukia, muulize: nani alibeba mawe haya? Soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873, Barghash mwenyewe akitia saini chini ya shinikizo la Waingereza. Lakini sheria iliendelea kuutambua utumwa hadi amri ya 1897. Jumba hili lilijengwa katikati ya miaka hiyo miwili, watu wakiwa bado mali ya watu kwa sheria. Sisemi hivyo ili kukuharibia matembezi. Nasema kwa sababu niliwahi kumpeleka mzee mmoja kutoka Kigoma, akasimama mbele ya ukuta huu muda mrefu, kisha akauliza swali hilohilo, na kijana aliyekuwa akitutembeza akamjibu, "Mafundi wa Sultani, babu." Mzee alitikisa kichwa akaenda kukaa kivulini. Swali lile lilistahili jibu bora kuliko hilo.

Saa tano: Mtoni

Kilomita mbili hivi kaskazini. Jumba la Mtoni ndilo kongwe kuliko yote ya Unguja. Sayyid Said, baba yake Barghash, alilijenga baina ya 1828 na 1834, kabla Barghash hajazaliwa, na jina lake halina siri: lilikaa penye mto. Meli zilizokuwa zikitia nanga Unguja zilikuja kujaza maji hapa, kwani maji ya visima vya mjini yalikuwa na chumvi. Ukisimama ufukweni fikiria mabaharia wakiviringisha mapipa mchangani, na ndani ya ukuta Sultani akinywa maji yaleyale.

Hapa ndipo alipozaliwa Sayyida Salme, tarehe 30 Agosti 1844, binti wa Sayyid Said. Mwaka 1866 aliondoka Unguja kwa siri, akaolewa na Mjerumani, akaitwa Emily Ruete, na mwaka 1886 kumbukumbu zake zikachapishwa. Kwa sababu yake Mtoni tunaijua kwa ndani kuliko jumba lolote: ua mpana uliojaa wanyama, tausi na mbuni wakitembea huru, na upande mmoja wa ua safu ya hamamu ambazo watu waliingia na kutoka mchana kutwa. Kama unaweza, soma ile sura ya mwanzo usiku wa kuamkia safari. Ukifika, simama katikati ya ua mtupu huo, na jaribu kupanga kila kitu mahali pake.

Kilichobaki si kingi. Wakati wa Vita Kuu vya Kwanza sehemu yake ilifanywa bohari, na bohari haina huruma na nyumba. Lakini tazama upana wa vyumba. Vyote ni vyembamba. Hilo si ubahili, ni boriti: dari lilibebwa na miti ya mikoko, na mkoko haukupi zaidi ya mita tatu hivi. Ukuu wa mfalme ukaishia hapo. Alitaka chumba kikubwa, akaongeza urefu, upana akauachia mti.

Dakika arubaini zatosha hapa. Kisha mbele kidogo mtapita Kibweni. Hapo weka simu mfukoni, kuna maeneo ya serikali na ya vikosi, na hakuna picha yenye thamani ya mahojiano ya saa mbili. Baada yake ni Beit el Ras, jumba jingine alilolianza Sayyid Said mwaka 1847 na hakuliona likiisha, maana alifariki baharini 1856. Liko ndani ya eneo la chuo na limebaki kipande tu, kwa hiyo mimi silishuki. Ila kumbuka jina, kwa sababu mawe yake tunakutana nayo tena sasa hivi.

Saa saba kasoro: Bububu

Hapa ni kama kilomita kumi kutoka mjini. Kwanza kula. Pembeni mwa barabara utapata wali kwa samaki, maharage ya nazi, chapati, na dafu la kushushia. Nunua tende kidogo za njiani. Wenye kuswali, msikiti uko karibu, na Adhuhuri inaangukia hapahapa.

Mkiwa mnakula, muulize mtembezaji kuhusu treni. Mwaka 1905 kampuni ya Kimarekani ilijenga reli ya maili saba kutoka karibu na Ngome Kongwe hadi Bububu. Ilikatiza vichochoro vya Malindi karibu na nyumba za watu kiasi kwamba aliyekaa barazani alivuta miguu ipite. Cheche zake zilitoboa nguo za abiria. Kifusi cha kulalia mataruma kilichukuliwa, kwa sehemu, kwenye magofu ya Beit el Ras: jumba la Sultani likageuzwa tuta la reli chini ya himaya ya Waingereza, na hakuna aliyeona ajabu. Abiria waliacha kubebwa 1922, ushindani wa magari ukiwa umeshaanza.

Sasa lile swali la jina. Watu watakuambia Bububu ni mlio wa treni, bu-bu-bu. Wengine, ni mlio wa chemchemi ikibubujika. Mimi siku hizi sibishani, natoa hesabu. Salme anaitaja Bububu kwenye kitabu chake, aliwahi kuishi hapo penye nyumba ya shamba. Kitabu ni cha 1886. Treni ni ya 1905. Treni haiwezi kuwa imelipa jina pahali palipokuwa nalo miaka kumi na tisa kabla haijapiga honi. Maji bado yamo mashindanoni, treni imeshatolewa.

Chemchemi yenyewe ni chanzo cha maji ya watu, si kivutio. Za Mtoni na Bububu hadi leo ni miongoni mwa vyanzo vya maji ya mji, kwa hiyo zina uzio na walinzi. Usiruke uzio. Mtembezaji mzuri atakupitisha njia ya karibu, au ataomba ruhusa mapema kama mko kundi la wanafunzi. Ukikataliwa, usinune. Tazama tu ardhi ilivyoinuka kutoka baharini kuja hapa, kisha geuka uangalie upande wa mji: kimo hicho kidogo ndicho kilichosukuma maji kilomita zote zile. Barghash hakuhitaji injini. Alihitaji mtu mwenye jicho la kuona mwinamo.

Siku moja tulipokuwa tumesimama hapo, mama mmoja alipita na ndoo kichwani na nyingine mkononi. Dada yangu, ambaye hana breki, akamuuliza, "Mama, hapa si ndipo yanapotoka maji ya mji mzima?" Akajibu bila kusimama, "Yanatoka, mwanangu. Hayageuki nyuma."

Saa nane mchana: Kidichi

Kwenye kituo cha polisi cha Bububu kata kulia, uiache bahari. Barabara inapanda kati ya minazi, mikarafuu na migomba kwa kilomita chache. Kama ni msimu wa karafuu utainusa kabla hujaiona, imeanikwa majamvini pembeni mwa njia. Usikanyage jamvi la mtu wala kukatisha gari juu yake.

Hamamu ya Kidichi imejengwa 1850, na ndiyo jengo ninalolipenda kuliko yote ya safari hii, ingawa ukiliona kwa nje utasema umedanganywa: kibanda cheupe chenye kuba kadhaa, mfano wa mabakuli yaliyofunikwa. Sayyid Said alimjengea mkewe Mwajemi, Shahrazadi, mjukuu wa Fath Ali Shah wa Uajemi. Shamba lake la mikarafuu lilikuwa huku juu. Bibi yule alipenda kuwinda na kupanda farasi, na anayetoka mawindoni kwenye vumbi jekundu la Kidichi anahitaji pa kuoga.

Ingia polepole, acha macho yazoee. Kisha mulika ukuta kwa pembeni, kama Maruhubi. Nakshi zitachomoza: maua, mitende, na ndege, tausi wakiwemo, vyote vya lipu iliyofinyangwa. Hapo ndipo penye jibu la swali la tatu. Masultani wa Unguja walikuwa Maibadhi, Waislamu wa madhehebu ya Ibadhi, watu wa nyumba tulivu, kuta nyeupe na mlango wa nakshi basi. Picha ya kiumbe ukutani haikuwa desturi yao. Hizi ni kazi za mafundi wa Kiajemi, kwa ajili ya bibi aliyetaka kuona mambo ya kwao akioga. Mume alimruhusu, ila ndani, porini, mbali na macho ya mji.

Angalia bwawa la kuogea, jukwaa la kukandwa mwili, na vyoo vya kuchutama. Baada ya Hamamni asubuhi huhitaji maelezo, utaviona mwenyewe vikikaa kila kimoja kwenye mwinamo wake. Simama chini ya kuba kubwa useme neno moja kwa sauti ya kawaida. Msiseme wote kwa pamoja, mtajuta. Na nakshi usiziguse. Jasho la vidole hula lipu taratibu, na palipo chini ya kimo cha mtu tayari pamefutika.

Kuhusu neno Ajemi, ndilo hilohilo la mkate wa ajemi tunaokula na maharage asubuhi. Watu huja kutafuta Uajemi Kidichi, na walikuwa nao sahanini.

Nje ya hamamu watakukaribisha mashamba ya viungo. Uamuzi ni wako. Kama hujawahi kuuona mdalasini ukiwa mti au pilipili manga ikipanda mwembe, nenda, ni saa moja, mtaonjeshwa matunda na kijana atapanda mnazi akiimba. Kama umeshawahi mara moja, ya pili haitofautiani. Karafuu na iliki nunua kwa mwenye shamba. Uliza bei ya kipimo, si ya pakiti, kwani pakiti nyingi zina hewa kuliko karafuu. Kuna wanaosogea hadi Kizimbani kuona hamamu nyingine. Ni nyepesi, haina nakshi, na kama mmechoka hamkosi kitu.

Kurudi

Ondokeni Kidichi kabla ya saa kumi. Baada ya hapo magari ya kuteremka huwa yamejaa wanafunzi na vikapu, na kwa wanaotegemea daladala, kiti ni cha aliyewahi. Wenye gari la kukodi, hakikisheni dereva bado yupo. Mimi siku hizi huiacha nusu ya malipo mkononi mwa shangazi hadi tufike mjini.

Shuka mjini, nenda kwa miguu hadi Forodhani kwa Maghribi. Agiza urojo, na kachori zisisahauliwe. Mwenye meza akimaliza kukuhudumia atanawa mikono kwenye bomba la pembeni, na kama ni mtu mzima wa hapa kwetu atamwambia kijana wake, "Funga mfereji huo."